Sumu zinazotoka viwandani: tusome daftari la utoaji safu kwa safu, tusiishie kwenye jumla

Mfuatiliaji (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila kiwanda kinapolalamikiwa kwamba kinachafua hewa au mto, mzozo hukwama mahali pamoja. Majirani wanasema harufu inawachoma macho na watoto hawaachi kukohoa. Kiwanda kinasema kiko ndani ya viwango. Mamlaka inasema uchunguzi unaendelea. Miaka inapita, na hakuna hata mmoja aliyeweka mezani namba ambayo mwenzake anaweza kuifungua na kuikagua.

Uzi huu unahusu chombo kilichobuniwa kuziba pengo hilo, yaani daftari la umma la utoaji wa kemikali za sumu. Humo kiwanda kinatajwa kwa jina, kemikali kwa jina lake, na kiasi kilichotoka kwa mwaka mzima kinagawanywa: hiki kimekwenda hewani, hiki majini, hiki ardhini, na hiki kimepakiwa na kupelekwa kwingine. Mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma, bila kueleza sababu.

Chanzo chake ni msiba. Usiku wa Desemba 2 kuamkia 3, 1984, mjini Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi la methili isosayaneti katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide. Joto na shinikizo vikapanda, na takriban tani 40 za gesi zikatoka juu ya watu waliolala. Jokofu la kupoza tangi lilikuwa limezimwa, na mwenge wa kuchomea gesi ulikuwa umekatwa kwenye mfumo. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787, na makadirio mengine yako juu sana ya hapo. Zaidi ya watu nusu milioni walivuta gesi hiyo. Madaktari walipokea maelfu ya wagonjwa bila taarifa ya uhakika kuhusu sumu iliyowapata. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: watu walikuwa jirani na tangi lile kwa miaka, na hawakuwa na njia ya kujua kilichomo.

Agosti 1985, kiwanda cha kampuni hiyohiyo huko Institute, West Virginia, kikavujisha kemikali nyingine, na watu zaidi ya mia moja wakapelekwa hospitali. Hapo Wamarekani wakaona kwamba Bhopal haikuwa habari ya mbali. Oktoba 1986 ikapitishwa sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua, na kifungu chake cha 313 ndicho kilichozaa daftari linalojulikana kwa kifupi kama TRI. Ripoti za kwanza, za mwaka 1987, zilitakiwa kufika ifikapo Julai 1, 1988. Bunge liliagiza pia kwamba takwimu hizo ziwekwe kwenye kompyuta na zifunguliwe kwa umma, jambo ambalo sheria za nchi hiyo hazikuwahi kudai kabla ya hapo.

Sheria yenyewe haikuamuru kiwanda chochote kupunguza hata kilo moja. Iliamuru kutangaza tu. Lakini siku ya mwisho kabla ya ripoti za kwanza kufikishwa, Juni 30, 1988, mkuu wa kampuni ya kemikali ya Monsanto, Richard Mahoney, aliahidi hadharani kwamba kampuni itapunguza utoaji wa sumu hewani kwa asilimia 90 kufikia mwisho wa 1992. Namba hizo zilikuwa zimelala ndani ya kampuni. Zilipokaribia kusomwa na kila mtu, zikawa tatizo la mkurugenzi.

Sasa msimamo wangu. Nimesoma madaftari haya kwa muda mrefu, na naona wengi wetu, waandishi wa habari wakiwemo, tunayasoma vibaya. Tunachukua jumla, tunapanga kumi bora ya wachafuzi, basi. Jumla ndiyo namba dhaifu kuliko zote zilizomo. Nguvu iko kwenye safu za ndani: ilitoka kupitia njia gani, ilikadiriwa vipi, na ilibadilika kwa sababu gani. Karibuni tujadili.

Mpenda Namba

Mkuu, uzi mzuri, ila nina swali la msingi kabisa. Anayejaza hilo daftari ni nani? Kama ni kiwanda chenyewe, kwa nini kiseme ukweli? Mtuhumiwa hapewi kalamu aandike hukumu yake.

Fundi Vali

Naomba nijibu hili kwa sababu nimefanya kazi kitengo cha mazingira kiwandani na fomu za aina hii zimepita mikononi mwangu. Ndiyo, kiwanda kinajaza chenyewe. Kudanganya waziwazi kupo, lakini si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, maana fomu inasainiwa na afisa mwandamizi na faini huhesabiwa kwa kila kosa kwa kila siku. Tatizo kubwa liko kwenye namna namba inavyopatikana.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni kupima: kuna kifaa kwenye bomba la moshi au sampuli za maji taka, unachukua kiwango cha kemikali unazidisha na ujazo uliopita. Ya pili ni hesabu ya kilichoingia na kilichotoka: umenunua tani kadhaa za kiyeyushi, kiasi hiki kimo kwenye bidhaa, kiasi hiki kimekusanywa kwenye mapipa ya taka, kilichobaki kimepotea hewani. Ya tatu ni kutumia vigezo vya wastani vilivyochapishwa, kwamba pampu ya aina fulani huvujisha gramu kadhaa kwa saa. Ya nne ni hesabu za kihandisi, kwa kutumia joto, shinikizo na tabia za kemikali yenyewe.

Kwenye fomu ya TRI kila namba ya utoaji huwekewa herufi ya njia iliyotumika. M ni vipimo, C ni hesabu ya kuingia na kutoka, E ni vigezo vya wastani, O ni njia nyingine. Wasomaji wengi hawaitazami kabisa herufi hiyo, na mimi ndiyo ningeitazama kwanza.

Chukua njia ya vigezo. Tuseme mtambo una vali elfu mbili. Unahesabu vali, unazidisha na wastani wa uvujaji wa vali moja, unapata namba. Ukirudia mwakani, vali ni zilezile, wastani ni uleule, namba inatoka ileile. Lakini mtu aliyewahi kutembea na kifaa cha kunusa mvuke kwenye mabomba anajua kwamba vali karibu zote hazivujishi kitu cha maana, halafu unakuta chache zilizooza kifungio ambazo peke yake zinatoa karibu uchafu wote. Wastani hauwezi kuziona hizo chache. Zinaweza kuvujisha miaka na karatasi isitikisike.

Hesabu ya kuingia na kutoka nayo ina udhaifu wake. Kama umenunua tani 1,000 na kosa la mizani yako ni asilimia moja, basi kosa hilo peke yake ni tani 10. Utoaji wako halisi ukiwa tani 3, umezama ndani ya kosa la mizani. Kwa kiwanda cha rangi ambako kiyeyushi kingi kinapotea hewani njia hii inafaa sana. Kwa mtambo mkubwa unaopoteza sehemu ndogo ya kinachopita, haikuambii kitu.

Na sheria haikulazimishi upime. Inasema tumia takwimu ulizonazo, na kama huna, kadiria kwa njia inayokubalika. Kwa hiyo mwenye vifaa vya kupima hutumia vipimo, na asiye navyo hukadiria kihalali kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ilipopwaya, na wala si suala la uaminifu wa mtu anayejaza fomu.

Mfuatiliaji

Asante sana Fundi Vali, umesema lile nililotaka lisemwe na mtu wa ndani.

Niongeze mfano wa makadirio kukutana na vipimo. Mwaka 2000 watafiti waliruka na ndege zenye vifaa juu ya eneo la Houston, Texas, lenye msongamano mkubwa wa viwanda vya mafuta na kemikali. Walikuta ethilini na propilini hewani kwa wingi usiolingana hata kidogo na orodha rasmi za utoaji. Tofauti ilikuwa mara kumi na zaidi katika baadhi ya moshi waliopita ndani yake. Viwanda vilikuwa vimejaza fomu kwa kufuata taratibu, na hewa ilikuwa na habari nyingine.

Somo hilo lilichelewa, lakini lilifika. Mwaka 2015 EPA, shirika la kulinda mazingira la Marekani, lilitoa kanuni kwamba kila kiwanda cha kusafisha mafuta kipime benzeni kwenye uzio wake, pande zote. Kifaa chenyewe ni rahisi: mrija mdogo wenye unga unaonasa mvuke, unaachwa nje wiki mbili, kisha unapelekwa maabara. Wastani wa mwaka ukivuka mikrogramu 9 kwa mita ya ujazo baada ya kuondoa benzeni inayotoka nje ya eneo, kiwanda lazima kitafute chanzo na kukirekebisha. Matokeo yanawekwa wazi kwa umma. Uzio haujali umetumia kigezo gani kwenye fomu. Kama tangi linavuja, benzeni itapita pale.

Kwangu mimi daftari na uzio vinahitajiana. Daftari linakuambia ni kemikali gani utafute na kwa nani. Kipimo cha uzio kinakuambia kama daftari linasema kweli.

Binti Kalamu

Kaka Mfuatiliaji, kwa heshima zote, hapa mimi naona tofauti. Kama namba ni makadirio, na makadirio yanaweza kukosea mara kumi, basi daftari linaweza kuwa na madhara kuliko kutokuwepo. Kiwanda kitasimama mbele ya wanakijiji na kusema: tazameni, serikali imechapisha, tunatoa kilo 40 tu. Mwananchi aliyekuwa na mashaka ya haki ananyamazishwa na karatasi. Bora kusiwe na namba hadi vipimo vya kweli viwepo.

Mfuatiliaji

Dada, hoja yako ni nzito na nimeifikiria. Lakini tazama kinachotokea namba zisipotoka kabisa.

Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilianza kutengeneza asetaldehidi mwaka 1932, kikitumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yakamwagwa ghubani. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ukatambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, wanapoteza kuona na kusikia, watoto wanazaliwa na ubongo ulioharibika. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, aliwalisha paka maji taka ya mtambo huo. Paka namba 400 akaonyesha dalili zilezile za wagonjwa. Kampuni ilizuia matokeo hayo yasitoke. Serikali ilikuja kukiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, na zebaki iliendelea kumwagwa kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tisa.

Sasa fikiria kungekuwa na fomu ya kila mwaka yenye mstari mmoja tu: zebaki, majini, kilo kadhaa. Hata kama kadirio lingekuwa pungufu mara kumi, mstari wenyewe ungewaambia watafiti wa chuo kikuu watafute zebaki. Walihangaika miaka wakipima manganizi, seleniamu na thaliamu, kwa sababu hakuna aliyewaambia ni kipi kinatumika ndani. Jina la kemikali pekee lina thamani kubwa, kabla hatujafika kwenye kiasi.

Halafu namba mbovu iliyochapishwa inaweza kupingwa. Kilo 40 unazozitaja zina herufi pembeni, na mwanakijiji anaweza kuuliza: mmepima au mmezidisha? Akijibiwa mmezidisha, mashaka yake yamepata mguu wa kusimamia. Namba isiyokuwepo huwezi kuidai chochote.

Binti Kalamu

Hilo la majina nimekubali. La herufi bado nasema lazima mtu afundishwe kuisoma, vinginevyo karatasi inashinda.

Afya ya Jamii

Nimesoma wote kwa makini. Mimi ni wa upande wa afya, na nataka kugusa jambo ambalo mleta uzi alilitaja kwa haraka, kwamba jumla inapotosha.

Tangu migodi ya metali ilipoanza kuripoti kwa takwimu za mwaka 1998, inaongoza daftari la Marekani. Mgodi wa Red Dog huko Alaska, unaochimba zinki na risasi, umekuwa juu ya orodha mwaka baada ya mwaka. Sababu ni kwamba mwamba uliochimbwa na kulundikwa pale unahesabiwa kama utoaji ardhini, na mwamba huo una risasi na zinki ndani yake. Si jambo la kupuuza, kwa sababu lundo la mgodi linaweza kuchuja metali kwenye maji kwa vizazi. Lakini ratili moja ya risasi iliyofungwa ndani ya jiwe mbali na makazi, na ratili moja ya gesi inayopumuliwa dirishani, zimejumlishwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Linganisha na Willowbrook, Illinois. Kulikuwa na kituo cha kusafisha vifaa vya hospitali kwa ethilini oksaidi. Kwa uzito, utoaji wake usingeonekana kabisa kwenye orodha ya kumi bora. Desemba 2016 EPA ilikamilisha tathmini mpya iliyoonyesha kwamba gesi hiyo inasababisha saratani kwa nguvu kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwa watu wazima mara 30 hivi. Gesi ilikuwa ileile na kituo kilekile, ila maana ya namba ilibadilika. Mwaka 2018 tathmini ya hatari kwa majirani ikatangazwa, mwaka uliofuata jimbo likasimamisha shughuli, na kituo hakikufunguliwa tena.

Ndiyo maana EPA ina modeli iitwayo RSEI, inayochukua kiasi kutoka kwenye daftari, kukizidisha na uzito wa sumu ya kila kemikali, kisha kukadiria upepo unavyoisambaza na watu wangapi wako njiani. Nayo ni makadirio juu ya makadirio, kwa hiyo itumike kupanga pa kuangalia kwanza, isitumike kumwambia mtu kwamba ataugua.

Na hapa naomba wote tuwe waangalifu. Kemikali kutoka bombani ni jambo moja, kufika mwilini ni jambo lingine. Bomba refu hutawanya mbali, uvujaji wa chini kwenye vali hukaa karibu na pua za watu. Fomu ya TRI inatenganisha hizo mbili, na mimi nikisoma kwa ajili ya majirani wa karibu huangalia uvujaji wa chini kwanza, hata kama kwa kilo ni mdogo. Kuna pia suala la wakati. Namba ya mwaka haisemi kama tani 12 zilitoka kidogokidogo kila siku au nyingi yake ilitoka usiku mmoja mtambo ulipozimika ghafla, na kwa mapafu ya mtu mwenye pumu usiku huo mmoja ndio wenye maana. Fomu ina mahali pa kuandika kilichotoka kwa ajali au tukio la mara moja, tena kimetengwa na cha uzalishaji wa kawaida. Usiruke hapo.

Sheria Mkononi

Mimi nazungumzia wale wasiomo kabisa kwenye daftari, maana hao hawana hata namba mbovu.

Kuingia TRI kuna milango mitatu: uwe kwenye sekta iliyotajwa, uwe na wafanyakazi wa kutosha kufikia 10 wa muda wote, na uvuke kizingiti cha kemikali. Kwa nyingi kizingiti ni ratili 25,000 kwa mwaka ukitengeneza au kuchakata, yaani kilo 11,340 hivi, au ratili 10,000 ukiitumia vinginevyo. Angalieni kwamba kizingiti ni cha kiasi kinachotumika, hakihusu kinachotoka. Karakana ndogo ishirini zilizo mtaa mmoja, kila moja chini ya kizingiti, hazionekani hata kama kwa pamoja zinawazidi wakubwa.

Kwa sumu zinazodumu na kujilimbikiza mwilini vizingiti vilishushwa. Risasi ikawa ratili 100 kuanzia mwaka 2001, zebaki ratili 10, dayoksini gramu 0.1. Hapo viwanda vingi ambavyo havikuwahi kuripoti risasi vikajitokeza ghafla. Risasi ilikuwepo siku zote, kilichokuja upya ni wajibu wa kuitaja. PFAS, kundi la kemikali za kutengenezwa zisizooza kirahisi, nazo zimewekewa ratili 100, lakini zimeanza kuripotiwa kwa takwimu za 2020 tu, wakati zilikuwa zimetumika kwa miongo.

Na vizingiti ni uwanja wa siasa. Desemba 2006 EPA ililegeza masharti, ikaruhusu viwanda vingi zaidi kutumia fomu fupi isiyo na kiasi. Majimbo na wanaharakati wakapinga, na mwaka 2009 Bunge likarudisha masharti ya awali. Katika miaka ile kuna pengo kwenye takwimu, kwa hiyo ukiona kiwanda kimeshuka ghafla mwaka 2007, usishangilie kabla ya kuangalia ni fomu gani kilijaza.

Kwingineko, Uholanzi ilikuwa na orodha ya utoaji tangu 1974. Kanada ilianza na takwimu za 1993. Japani ilipitisha sheria yake mwaka 1999. Ulaya ina daftari la pamoja lililoanza na takwimu za 2007. Itifaki ya Kyiv, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Oktoba 2009, ndiyo mkataba wa kwanza wa kimataifa wa madaftari haya, na uko wazi kwa nchi yoyote ya Umoja wa Mataifa. Amerika ya Kilatini na Karibi zina mkataba wa Escazú, ulioanza kutumika Aprili 2021, unaozitaka nchi wanachama ziwe na daftari.

Mkulima wa Bondeni

Wakuu, nyote mnazungumza kama daftari lipo. Nchi nyingi halipo. Mtu anayeona samaki wanaelea mtoni afanye nini na itifaki za mbali?

Sheria Mkononi

Ndugu yangu, swali la haki kabisa. Pasipo na daftari, ushahidi unabebwa na walioumia, na unakuja baada ya madhara. Owino Uhuru, Mombasa, ni mfano unaojulikana: kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilianza kazi karibu na makazi mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua mtoto wake ana risasi kwenye damu. Ushahidi ukajengwa kwa damu za watoto na udongo wa mtaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata Omido akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwishoni mwa 2024. Hesabu miaka kati ya 2007 na hapo. Mstari mmoja wa risasi kwenye fomu ya kila mwaka ungekuwa mkononi mwa daktari wa kwanza aliyemwona mtoto yule.

Kwa hiyo omba nyaraka zilizopo. Tathmini ya athari kwa mazingira huwa inataja malighafi. Kibali cha kumwaga maji taka huwa kinataja vipimo ambavyo kiwanda kinatakiwa kuwasilisha kwa mamlaka. Penye sheria ya kupata taarifa, vipimo hivyo unaweza kuvidai kwa barua. Ukiviunganisha vya miaka kadhaa umeanza daftari lako mwenyewe.

Na kupima inawezekana. Kule Norco, Louisiana, wakazi wa mtaa wa Diamond, waliobanwa kati ya kiwanda cha kemikali na cha kusafisha mafuta, walitumia ndoo ya plastiki yenye mfuko maalumu ndani yake. Unavuta hewa ikajaza mfuko, unapeleka maabara. Mwalimu mstaafu Margie Richard aliongoza juhudi hizo, na mwaka 2002 Shell, kampuni yenye kiwanda hicho cha kemikali, ilikubali kugharimia kuwahamisha wakazi. Ndoo ilifaa kwa sababu walijua cha kutafuta maabara, na viwanda vyenyewe vilishavitaja kwenye fomu.

Fundi Vali

Hapo kwenye ndoo naomba niongeze: andika saa, upepo unatoka upande gani, na harufu ikoje wakati wa kuchukua hewa. Sampuli isiyo na upepo wake kiwanda kitaikataa ndani ya dakika moja, na kitakuwa na haki.

Mpenda Namba

Nimeelimika sana. Sasa mleta uzi, tufanye vitendo. Nimefungua ukurasa wa kiwanda kimoja kwenye daftari, miaka kumi imepangwa. Nianzie wapi?

Mfuatiliaji

Mkuu, chagua kemikali moja tu, usichanganye. Kisha soma njia zote kwa pamoja: hewa, maji, ardhi, na vilivyosafirishwa. Ukiona majini imeshuka hadi sifuri mwaka uleule ambao upelekaji kwenye mtambo wa maji taka wa umma umepanda, sumu imebadilisha mlango tu. Ukiona vyote vimeshuka, tazama kama kuna kemikali jirani iliyoanza kutumika, hasa isiyo kwenye orodha.

Halafu tafuta uwiano wa uzalishaji, ambao viwanda vimetakiwa kuutoa tangu mwaka 1991 kwa sheria ya kuzuia uchafuzi. Ukiwa 0.8 maana yake kazi inayotumia kemikali hiyo imepungua kwa asilimia 20. Utoaji nao ukiwa umepungua asilimia 20, kiwanda hakijaboresha kitu, kimefanya kazi kidogo tu. Kampuni nyingi hujisifu kwa punguzo la aina hii katika mwaka wa biashara mbaya, na waandishi huchapisha sifa hizo kama zilivyo.

Ukimaliza hapo, shuka kwenye herufi za Fundi Vali. Kama njia ilibadilika kutoka E kwenda M na namba ikapanda, usimshambulie mwenye kiwanda kwa kupanda huko, kwa sababu huenda ndiyo mara ya kwanza amepima kweli, na ukimwadhibu kwa hilo wenzake hawatapima kamwe. Lakini ukikuta uvujaji wa chini una tarakimu ileile miaka mitano mfululizo, herufi ni E, na uzalishaji umekuwa ukipanda na kushuka, hapo andika barua. Omba karatasi za hesabu, idadi ya vali na pampu walizohesabu, na tarehe ya mara ya mwisho mtu alipozipitia na kifaa. Kumbukumbu hizo wanatakiwa kuzitunza miaka mitatu, kwa hiyo usingoje.